Dau la rupia za Mjerumani mtandaoni: usipande mapema

Mkuu uliyeko Bagamoyo, umeuliza kwanini kila ukiweka dau kwenye rupia ya Mjerumani (sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni wake huku kwetu) kule eBay unapitwa sekunde za mwisho, na kama ni bora kuanza mapema au kusubiri. Mi niko Tanga huku, nakusanya sarafu za pwani yetu hii, rupia, hela, zile pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye mizani, nyingi nimezipatia kwenye hiyo hiyo minada, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe.

Subiri. Ukiweka dau siku tano kabla ya mnada kufungwa, hujapata chochote zaidi ya kuwaambia wenzio kuna mtu anaitaka, na kila atakayekuja anakupima anapandisha kidogo kidogo mpaka ajue ulipofika. Pale Deep Sea mnada wa samaki wazoefu hawapigi kelele jodari anaposhushwa tu, wananyamaza wanaangalia nani ana haraka. Sasa eBay mnada unafungwa saa ileile iliyoandikwa, hauongezwi, kwa hiyo dau lako la juu kabisa liweke sekunde kumi hivi za mwisho, moja tu, basi. Mfumo wenyewe hautoi hela yote uliyoandika, unapanda hatua kwa hatua kumzidi wa pili, kati ya dola 25 na 99.99 hatua ni dola 1. Na usiandike namba ya mviringo jamani, watu wengi wanaandika 60, we andika 61.37, mwenzio akiwa ameishia 61 umemzidi kwa hizo senti, mkilingana kabisa anachukua aliyetangulia.

Lakini hiyo haifanyi kazi kila mahali. Catawiki kwa mfano ukipiga dau dakika za mwisho muda unaongezwa, kuvizia hakuna maana pale, na nyumba kubwa za mnada kama Künker wa Ujerumani au Heritage wa Marekani siku ya mnada wenyewe wanaita laivu mpaka watu waishe. Huko silaha yako ni kujua kikomo chako tu.

Na kikomo ndo wengi wanakosea hesabu, wanaangalia bei ya sarafu wanasahau mengine. Fanya kurudi nyuma. Tuseme una euro 100 jumla, hutaki kuzidi hata moja. Nyumba ya mnada inachukua komisheni ya mnunuzi, tuweke asilimia 20, posta tuseme 15, halafu mzigo ukikadiriwa VAT huku kwetu ni asilimia 18. Dau lako hapo ni euro 58, sio 100. Piga mwenyewe: 58 na komisheni inakuwa 69.60, ongeza posta 84.60, ongeza VAT unagota 99.83. Ukidau 100 kamili utajikuta unalipa karibu 160, na hapo sijaweka makato ya benki ya kubadilisha hela. Mi hiyo namba naiandika kwenye karatasi siku ya kwanza nikiwa nimetulia, saa ya mwisho siigusi tena, maana saa ya mwisho moyo unadanganya sana.

Saa nayo muhimu. Sarafu hizi soko lake kubwa ni Ujerumani kwenyewe, tafuta kwa maneno yao "Deutsch-Ostafrika" (Afrika Mashariki ya Mjerumani), na wauzaji wa kule wanapenda kufunga Jumapili usiku, saa mbili usiku yao kiangazi ni saa tatu usiku yetu, baridi ni saa nne. Za Marekani ndo mtihani, jioni ya California ni alfajiri ya Tanga.

Halafu kuna faida tunayo sisi watu wa pwani hatuitumii. Wauzaji wengi wa nje hawasomi Kiarabu, pesa ya shaba ya Kampuni ya Mjerumani ya Afrika Mashariki au ya Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria (ndo 1882) unaikuta imeandikwa India au Maskati, hakuna anayeitafuta huko, dau ni wewe na ukuta. Mi huko ndo nakopenda kuliko kote. Kinyume chake usimpe mtu bei ya adimu kwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ya 1780, zile zimeendelea kupigwa na tarehe hiyohiyo miaka mingi sana baadaye, nyingi thamani yake ni fedha iliyomo tu. Na ile ya dhahabu ya Tabora 1916, rupia 15 yenye tembo, za bandia zipo, isiyo kwenye kasha la PCGS au NGC (kampuni zinazohakiki sarafu) achana nayo, na yenye kasha hakiki namba yake kwenye tovuti yao kwanza.

Bei usitazame wanazoomba, tazama zilizouzwa kweli, eBay kuna kichujio cha vilivyouzwa, na Heritage wanaweka matokeo ya zamani bure ukijisajili. Tazama pia historia ya madau, ukiona mtu mmoja anadau kwa muuzaji huyohuyo kila siku na hashindi, kimbia.

Sasa hiyo rupia ya 1890 uliyoweka picha, yenye Kaizari kavaa kofia ya chuma na nyuma simba na mnazi. Naona nyeupe mno, fedha ya umri huo mara nyingi haing'ai hivyo bila kusuguliwa. Na bibi zetu hizi walizivaa, sonara anachomelea kitanzi juu zinakuwa kidani, baadaye kitanzi kinang'olewa na kovu linabaki ukingoni juu ya kichwa. Muombe muuzaji picha ya ukingo na uzito kwenye mizani, inatakiwa kama gramu 11.66. Akikuzungusha kutoa picha mi ningeiacha, za mwaka huo zinarudi sokoni mara kwa mara. Akitoa na ukingo ni safi, bado punguza kikomo chako kwa huko kusuguliwa, halafu subiri sekunde kumi za mwisho.