Penye udhia, tupenyeze rupia?

Barua nilizopokea safari hii zinatoka kwa watu wenye dhamiri waliochoka na rushwa. Nimechagua nne.

Ombi langu la leseni lina miezi mitatu mezani. Karani ananiambia faili halina miguu. Nikitoa kitu kidogo, litaisha leo. Nifanyeje?

Tazama kwanza anachouza. Leseni haiuzi, maana ukitimiza masharti ni haki yako. Anakuuzia ucheleweshaji alioutengeneza mwenyewe: amefunga mlango, sasa anataka ujira wa kuufungua. Ukilipa, umempa sababu ya kuufunga na wa mwenzako, na siku ya kuhuisha leseni atakukumbuka kuwa wewe hutoa.

Omba orodha ya masharti na muda wa kushughulikia ombi, vyote kwa maandishi. Hakikisha una nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akisema "tuelewane", muulize kwa adabu: "Ada hii ina stakabadhi?" Swali hilo halimtukani wala halimpi pa kukushika, na mara nyingi hummaliza maneno. Asipobadilika, mwandikie msimamizi wake, utaje tarehe na namba ya faili, hasira uiache nyumbani.

Sitakudanganya, huenda ukasubiri zaidi. Ndiyo maana nakusihi uamue kabla hujatoka nyumbani utavumilia hadi lini na uko tayari kupoteza nini. Anayefika dirishani hajaamua, uchovu humwamulia.

Nikimpa mtumishi zawadi baada ya kunihudumia vizuri, ni rushwa?

Ungeitoa mbele ya bosi wake na mbele ya waliopanga foleni nyuma yako? Kama unaitafutia bahasha na kona, jibu unalo. Tena iliyoahidiwa kabla ya kazi haiwi shukrani kwa kutolewa baadaye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unazitaka nchi katika ibara ya 15 zihesabu hata ahadi kuwa kosa. Mwandikie msimamizi wake barua ya kumsifu. Mtumishi mwema itamfaa kuliko pesa.

Mama alizidiwa usiku. Waliokuwa zamu hawakumgusa mpaka nilipotoa pesa. Amepona, lakini tangu siku ile najiona mnafiki, kwa kuwa nyumbani mimi ndiye ninayewakataza watoto hongo.

Pole sana. Barua yako niliirudia mara kadhaa.

Wewe hukununua upendeleo, ulinyang'anywa. Anayetoa ili amruke mwenzake na anayetoa kwa kuwa roho ya mzazi imeshikwa rehani hawako katika mizani moja. Hata Uingereza, ambako sheria ya rushwa ya mwaka 2010 haikuacha mwanya kwa malipo madogo ya kuharakisha huduma, mwongozo wa serikali unakiri kuwa mtu aliyelipa kuokoa uhai, asiye na njia nyingine, huenda akawa na utetezi wa kushurutishwa.

Hata hivyo uchungu ulio nao usiuzime. Leo hii andika kilichotokea, ukiwa bado unakumbuka saa na maneno, kisha uripoti mama akiwa salama. Na watoto waambie ukweli wote, pamoja na hofu uliyokuwa nayo. Watajifunza zaidi kwa mzazi aliyelazimishwa na bado akakataa kuliita jambo hilo la kawaida.

Ofisini kwetu "chai" hugawanywa kila Ijumaa. Nimekataa fungu langu. Sasa hawanisalimu na naitwa mtakatifu. Nivumilie?

Vumilia, lakini kwa akili. Usiwahubirie, kataa kwa maneno machache yaleyale kila mara, na kazi yako uifanye kwa ukamilifu ili wasipate pa kukuchongea. Usitie saini hati usiyoisoma, hata ukiharakishwa vipi. Weka kumbukumbu zako mahali pasipo pa ofisi.

Kabla ya kuripoti, soma sheria ya kwako inamlindaje mtoa taarifa. Mkataba niliokwisha kuutaja, ibara ya 33, unazitaka nchi zifikirie tu kuweka ulinzi huo, hivyo usidhani upo. Na chunguza taratibu nani mwingine hulichukua fungu lake akiwa ameinamisha macho. Huyo zungumza naye kwanza, mkiwa wawili, nje ya jengo.