Mwalimu Anajibu: Dada yangu ampe kura mgombea huyu wa Marekani?

SWALI: Mwalimu, habari za siku nyingi. Dada yangu mkubwa yuko Minnesota tangu 2006. Anafanya kazi kwenye makao ya wazee na sasa ni raia wa huko. Tarehe 3 Novemba 2026 watachagua mbunge wa eneo lao. Amenitumia kwa WhatsApp picha ya kipeperushi cha mgombea mmoja pamoja na tafsiri aliyoiandika mwenyewe. Kina misimamo saba: uhamiaji, kodi, matibabu ya wazee, misaada kwa nchi za nje, majaji, bunduki, na bei ya vyakula. Anataka maoni yangu, eti mimi ndiye mtu wa siasa nyumbani. Mume wangu naye anasema mambo ya Marekani tuwaachie Wamarekani. Sijui nianzie wapi. (Msomaji, Umoja)

JIBU: Nzuri, mwanangu. Mumeo mwambie ninamheshimu, ila mwisho wa mwezi hela za shemeji yake zikilia kwenye simu, sidhani kama hizo nazo anawaachia Wamarekani.

Nilimpa kijana wa saiba hapa Buruburu shilingi kumi anichapishie ile tafsiri, nikaketi nayo na kalamu nyekundu. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo ina ugonjwa wake: maandishi ya mwanasiasa nayasoma vitenzi kwanza. Nomino zao hupendeza zote. Nani atapinga usalama, familia, ajira? Dada yako hakuyapamba maneno, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa nyepesi. "Anaamini" nimeipigia mstari mara nne, "atapigania" mara tano, "atahakikisha" mara mbili. "Atapiga kura" imo mara moja tu, ilhali hicho ndicho kitenzi anachoajiriwa kukitenda.

Tuanze na majaji, kwa sababu hapo kalamu ilichana karatasi. Anasema "atahakikisha majaji wema wanaidhinishwa". Dada yako anachagua mtu wa Baraza la Wawakilishi, lenye wabunge 435 wanaorudi kwa wapiga kura kila miaka miwili. Majaji wa shirikisho huteuliwa na rais na kuidhinishwa na Seneti, ile yenye watu 100. Huyu hatapigia kura jaji hata mmoja. Msomaji wa Kenya asijilaumu kwa kuchanganyikiwa, maana kwetu mawaziri na mabalozi hupigwa msasa na Bunge la Taifa, na Seneti hukaa pembeni ikitazama. Kwao mawaziri na mabalozi ni kazi ya Seneti.

Bunduki na bei ya vyakula nitazipita. Ya kwanza dada yako anayeishi huko anaijua kunishinda. Ya pili, mbunge mmoja hashushi bei ya mayai Minnesota, kama vile wa kwetu hashushi ya unga.

Kwenye kodi sasa. "Atapigania kupunguza mzigo wa kodi kwa familia zinazofanya kazi." Sawa, na mzigo wa anayetuma pesa nyumbani je? Tarehe 22 Mei 2025 Baraza hilohilo lilipitisha mswada mkubwa wa kodi wa Rais Trump kwa kura 215 dhidi ya 214. Kura moja, mwanangu. Ndani yake mlikuwa na tozo ya asilimia 3.5 kwa pesa ambazo wasio raia wanatuma nje. Seneti ikaishusha hadi asilimia 1, lakini ikafuta ile habari ya uraia. Tangu 1 Januari 2026, anayepeleka noti taslimu kwenye kaunta ili zitumwe ng'ambo anatozwa, awe raia au asiwe. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki, au kwa kadi iliyotolewa na benki ya huko, hatozwi. Kwa hiyo kabla ya siasa muulize dada yako anatumaje. Kama bado anapita dukani na bahasha ya noti, kila dola 300 zinamgharimu 3 za bure.

Na matibabu? "Atalinda Medicare." Vizuri. Medicare ni bima ya waliofikisha miaka 65. Lakini mzee anayeishi miaka nenda miaka rudi kwenye makao ya uuguzi halipiwi na Medicare. Wengi wao hulipiwa na Medicaid, mpango wa wenye kipato cha chini, na huo ndio unaolipa sehemu kubwa ya mishahara ya watu kama dada yako. Kipeperushi hakiutaji hata mara moja. Nilikisoma mara tatu nikidhani miwani inanidanganya.

Kuhusu misaada ya nje anasema "itaangaliwa upya", bila kusema nani ataangalia. Kauli ya kutendwa ni maficho mazuri. Nawajua watu wa mtaa huu ambao dawa zao za ARV zimekuja kwa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa 2003, na fedha zake hupitishwa na Bunge la huko. Biashara haikutajwa kabisa, ingawa AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayoingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru na kuwapa kazi mafundi wa kushona suruali kule Athi River, iliachwa hadi muda wake ukaisha 30 Septemba 2025, ikaja kurefushwa Februari 2026.

Nimeuacha uhamiaji hadi sasa makusudi, kwa kuwa ndipo "atapiga kura" ilipo. Ameandika kwamba atapiga kura kukomesha "uhamiaji wa mnyororo", yaani mhamiaji mmoja kuwavuta jamaa zake nao waingie. Nampa alama ya uwazi. Sasa pima maana yake. Sheria ya Marekani inamruhusu raia aliyetimiza miaka 21 kuwaombea ndugu zake ukaazi. Nafasi za fungu hilo ni 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na foleni inapita miaka 15. Mwaka 2017 maseneta wawili walileta mswada wa kulifuta fungu hilo na kuwapa kipaumbele wenye ujuzi, usipite. Wanaouunga mkono wazo hilo wana hoja yao, kwamba nchi ichague wageni kwa taaluma badala ya undugu, na si lazima mtu awe na chuki ndipo aseme hivyo. Lakini je, dada yako alishawahi kujaza fomu ya I-130, ile ya kumwombea ndugu ukaazi, kwa jina lako? Kama aliijaza, kwenye karatasi nzima sentensi iliyo wazi kuliko zote inakuhusu wewe uliyeko Umoja, na mumeo pia.

Ampe kura au asimpe? Hilo sikuambii, na wewe usimwambie. Msomee ulichoona. Wagombea wa huko hufanya mikutano ya kujibu maswali, wakati mwingine ukumbini kwenye maktaba, watu wakiwa hamsini tu. Aende na swali lisilo na mlango wa nyuma: mswada wa kupunguza fedha za Medicaid ukiletwa, kura yako ni ndiyo au la? Jibu aliandike na tarehe. Kama mgombea amewahi kukaa Bungeni hakuna haja ya kumuuliza, kwani kura zinazopigwa kwa majina huchapishwa na karani wa Baraza, mtu kwa mtu. Sisi tulilionja jambo hilo 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hata muuza mahindi wangu wa kona alijua mbunge wake ameketi upande gani, na mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akimuulizia basari tu.

SWALI: Mwalimu, kaka yangu raia wa Marekani anasema mbunge wa kwao anaweza kunisukumia visa. Kuna jamaa pia ameniahidi atampata mbunge mwingine kwa shilingi elfu thelathini. Ni kweli? (Msomaji, Kawangware)

JIBU: Nusu ya maneno ya kaka yako ni kweli. Ofisi ya mbunge wa Marekani ina wafanyakazi wa kuwasaidia wakazi wa eneo lake wanaokwama na serikali. Kaka yako akiandika, wanaweza kuuliza ubalozi wa Gigiri faili imefikia wapi. Kuuliza tu. Uamuzi unabaki kwa afisa wa visa. Lazima aandike yeye, kwa mbunge wa eneo anakoishi, na atatakiwa kutia sahihi fomu ya kuruhusu faili lizungumzwe.

Mbunge wa eneo jingine atamrudisha kwa wa kwake. Na huduma hiyo hailipiwi hata senti, kwa hiyo elfu thelathini za huyo jamaa zibaki mfukoni mwako.