Ndege ikidunda, usisukume pua

Wadogo zangu, leo nilikuwa nimesimama kando ya njia ya kurukia, nikamwona mwanafunzi wa urubani akitua na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, ikadunda mara mbili. Kabla ya dundo la tatu nikajikuta napiga kelele, "Paa! Paa tena!" yaani aache kutua, aongeze nguvu aruke upya. Angenisikiaje? Gurudumu la pua likatangulia. Yeye mzima, nashukuru sana, ila propela imepinda. Basi, mambo manne ya kutua:

1. Kasi. Mkiambiwa mje kutua na noti 65 (noti ni kipimo cha kasi ya ndege), ni 65. Ukija na 75 umebeba nguvu ya mwendo iliyozidi kwa theluthi, na karibu na ardhi hewa huibeba ndege kwa wepesi zaidi, kwa hiyo itaelea tu juu ya lami.

2. Macho yaende mwisho wa njia, si chini ya pua.

3. Kudunda. Hapa nitakaa kidogo. Enzi zangu za uanafunzi nilikuwa peke yangu, solo ya nne, yaani mara ya nne kuruka bila mwalimu, na nilikuja na noti 74. Nikaona kabisa kwenye kipimo, nikajiambia itapungua. Tairi zikagusa, ndege ikaruka, na mkono wangu ukasukuma usukani mbele kabla sijawaza lolote. Pua ikashuka, ikagonga, ikainuka juu zaidi. Nikasukuma tena. Kila nilichofanya kilichelewa: nikivuta, ndege imeshapanda, nikisukuma, imeshaanza kushuka. Mara ya tatu nilisikia propela ikikwangua lami, ta-ta-ta, halafu kimya. Mikono ilitetemeka hata kufunga mafuta ikawa kazi.

Fundi alinionyesha ukuta wa bati nyuma ya injini. Ulikuwa umejikunja, rangi imebanduka vipande vipande. Injini ilibidi ifunguliwe yote, maana propela ikigonga chini, ufa unaweza kujificha ndani. Wenzangu waliopangiwa ndege ile wakakaa bila kuruka. Mwalimu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ulikuwa na nafasi ngapi za kupaa tena?" Nikahesabu: nilipoona ile 74, dundo la kwanza, dundo la pili. Tatu. Na nguvu ya injini ilikuwa mkononi mwangu muda wote.

Basi, dundo dogo: shikilia pua ilipo, ongeza nguvu kidogo, iache ikae yenyewe. Dundo kubwa, au huna uhakika: nguvu yote, kanyaga pedali ya mguu wa kulia, pandisha flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa) hatua kwa hatua. Msizipandishe zote kwa mkupuo, ndege itazama. Hakuna mwalimu anayemkata mtu alama kwa kupaa tena, jamani, mbona mnaona aibu?

4. Upepo wa ubavuni: bawa la upande unakotoka upepo liwe chini, pedali ya mguu wa upande wa pili inyooshe pua. Mkishagusa, usukani msiulegeze. Ndege haijamaliza kuruka mpaka isimame.

Yule kijana nitamtafuta kesho asubuhi. Nitamwachia kwanza anywe chai, halafu nimuulize swali lile lile.