Kumwomba mhadhiri wako wa zamani barua ya mapendekezo

Miaka mitatu baada ya kuhitimu shahada ya kwanza Dar es Salaam, niliomba nafasi ya shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vitatu vya Marekani, na kila kimoja kilitaka barua tatu za mapendekezo. Kama wengi wetu tunavyofanya, nilimkimbilia kwanza mwenye cheo kikubwa kuliko wote walionifundisha. Alikuwa profesa mwenye jina, lakini alitufundisha somo moja tu, katika ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya mia tatu, nami sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Alikubali bila kusita, kisha wiki moja baadaye akaniambia niiandike barua mwenyewe nimpelekee atie saini.

Jambo hilo ni la kawaida mno katika vyuo vyetu, na sina kinyongo naye, kwa kuwa mtu asiyekukumbuka hana pa kuyatoa maneno. Niliketi kuiandika. Nilipofika aya ya pili nikatambua kwamba hapakuwa na jambo lolote langu ambalo yeye alilishuhudia kwa macho yake, na kwamba nilichobaki nacho ni "mchapakazi", "mwenye nidhamu" na "anayeshirikiana vizuri na wenzake", sifa ambazo zingemfaa yeyote aliyekaa katika ukumbi ule. Zaidi ya hayo, wanaoisoma huamini kwamba aliyetia saini ndiye aliyeandika. Niliifuta.

Mtu niliyepaswa kumwendea tangu mwanzo alikuwa msimamizi wangu wa tasnifu, ambaye wakati huo hakuwa profesa, na niliyekuwa nikimkwepa kwa sababu ya aibu. Utafiti wangu ulihusu chumvi katika maji ya visima vya Kigamboni, na alipopitia daftari langu la vipimo aligundua kwamba sikuwa nikisuuza kifaa cha kupimia kila nilipotoka kisima kimoja kwenda kingine, akanirudisha kupima upya visima vyote 14. Nilidhani tukio hilo ndilo atakalolikumbuka kwa ubaya. Kumbe ndilo lililompa cha kuandika, maana alikuwa ameniona nikikosea, nikirudi kwenye vumbi lile kwa nauli yangu mwenyewe, na nikiandika sura ya mbinu za utafiti bila kuficha kosa. Kwa hiyo, unapochagua wa kumwomba, jiulize ni nani anayeweza kusimulia jambo moja ulilolifanya mbele yake. Cheo chake kije baadaye.

Ombi lenyewe lipeleke mapema, angalau wiki sita kabla ya siku ya mwisho, na uepuke majuma ya kusahihisha mitihani. Mimi nilimwandikia hivi:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wako uliyemsimamia katika utafiti wa visima vya Kigamboni, yule uliyemrudisha kupima upya. Ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali za maji, na ningependa kujua kama unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye uzito. Ikiwa nafasi haikuruhusu, nitaelewa kabisa."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye kazi. Kwa adabu zetu ni vigumu mwalimu kumnyima mwanafunzi wake, na anayekubali kwa kuona haya huishia kuandika mistari minne mikavu, hivyo ni heri umfungulie mlango wa kukataa kwa heshima.

Alipokubali, nilimtumia wasifu wangu, maelezo ya kwa nini ninaomba kozi ile, hati ya matokeo, tasnifu yenyewe, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha tuliyoyafanya pamoja na tarehe zake. Ukurasa huo pia ndio jibu zuri kwa mhadhiri anayekuambia ujiandikie: mpe hoja na matukio, sentensi azitunge yeye. Nilimwomba vilevile aeleze alama zetu, kwa kuwa wastani wangu ulikuwa 3.8 kati ya 5, yaani daraja la pili la juu, ilhali Wamarekani wamezoea kipimo kinachoishia 4, na msomaji asiyeambiwa anaweza kukuhesabu vibaya, juu au chini.

Fomu nyingi za Marekani zitakuuliza kama unaiacha haki yako ya kuisoma barua hiyo, haki inayotokana na sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Iache. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminika kidogo, na kama humwamini mtu akuandikie bila wewe kuona, basi umemwomba asiye sahihi.

Yaliyobaki ni ya kiufundi, lakini ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Mfumo wa maombi wa chuo humtumia mhadhiri, kwa barua pepe, kiungo cha kuwasilishia barua yake, na mara nyingi kiungo hicho huangukia kwenye barua taka. Mjulishe siku unayokituma ili akitafute. Tumia anwani yake ya chuo, inayoishia na ac.tz, kwa sababu baadhi ya vyuo hutilia shaka anwani binafsi. Kumbuka pia saa: dakika ya mwisho ya tarehe 15 Desemba huko New York ni saa 1:59 asubuhi ya tarehe 16 kwetu, lakini mhadhiri umwandikie kwamba mwisho ni tarehe 10, usimweleze habari za tofauti ya saa. Nilimkumbusha mara mbili, wiki mbili kabla na siku tatu kabla, kila mara kwa ujumbe mfupi wenye kiungo ndani yake, ili asilazimike kuanza kukitafuta upya.

Majibu yalipotoka, vyuo viwili vilinikataa na kimoja kikanipokea, nami nilimpa habari zote tatu siku hiyohiyo. Alinipongeza kwa mstari mmoja, kisha akaniomba ile jedwali ya vipimo vya kwanza, vile vibovu, awaonyeshe wanafunzi wake wapya kabla hawajaenda Kigamboni.