Meno yanarudi kupandana baada ya kutoa waya

Pole, dada. Umetoa waya za meno miezi minane iliyopita, ritena ya plastiki (kifaa kinachovaliwa ili meno yasirudi yalikotoka) umeiacha tangu Desemba, na sasa meno ya mbele ya chini yanapandana. Hutokea sana: nyuzinyuzi za fizi zilizovutwa wakati wa kupanga huendelea kulirudisha jino lilikotoka, na mfupa unaolizunguka huchukua miezi kukomaa upya.

Jaribu ritena leo. Ikandamize kwa vidole, usiing'ate ili iingie. Ikikaa hadi mwisho japo inabana, ivae kwa saa 20 hadi 22 kila siku, ukiitoa wakati wa kula na kupiga mswaki tu, mpaka isibane. Kisha kila usiku. Ioshe kwa maji ya baridi. Maji ya moto huipinda, na hapo haifai tena.

Ikiacha mwanya kati yake na meno, usiilazimishe. Rudi kwa daktari aliyekufunga waya. Msogeo mdogo mara nyingi hurekebishwa kwa vifuniko vya plastiki angavu. Uliza pia kuhusu waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya chini. Unafaa sana, ila hukusanya ukoga, kwa hiyo utahitaji uzi wa kusafishia meno wa kupitisha chini yake.

Ile mipira midogo ya kuvuta meno pamoja unayotaka kuagiza mtandaoni achana nayo kabisa! Huteleza chini ya fizi, ikafuata mzizi na kula mfupa bila wewe kujua. Watu wamepoteza meno mazima. Jino likianza kutikisika au fizi ikitoa usaha, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.