Kabla ya Kuchora Ukuta wa Mtaa, Kaa Kwanza Barazani

Kwa miaka kadhaa nimeshiriki katika miradi ya sanaa ya mitaani hapa Dar es Salaam, hasa michoro ya ukutani na maonesho ya picha za zamani, na vijana wanaotaka kufanya jambo kama hilo mtaani kwao huniuliza waanzie wapi. Huwa nawaambia waanze na wazee na wenye nyumba, kwa sababu mchoro ulioamuliwa ofisini kabla mtu yeyote wa mtaa hajaulizwa huwa pambo la wageni, na wenyeji huupita bila kugeuza shingo.

Jambo la kwanza litakalowajia wachoraji wengi ni Tingatinga, na sishangai. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtindo wake umekuwa alama ya jiji hili. Sina ugomvi nao. Hata hivyo, twiga na tembo waliochorwa kwa ajili ya macho ya watalii hawamwelezi mtoto wa Magomeni lolote kuhusu mtaa alikozaliwa. Atajitambua zaidi akiona nyumba ya Kiswahili kama ya bibi yake, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili na ua nyuma. Akiona mdundiko, ngoma ya Wazaramo, unavyopita na kuzoa watu njiani. Au akiona Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa linalofanana na miavuli iliyopangwa safu kwa safu.

Mambo hayo hupatikana kwa kukaa barazani na kuuliza. Usimuulize mzee swali pana kama “Urithi wetu ni nini?”, kwa maana atakujibu kwa hotuba. Muulize mdundiko ulipita njia ipi, maji yalichotwa wapi, nani alikuwa na redio ya kwanza, na dansi lilipigwa ukumbi gani. Wakibishana, hapo ndipo penye mali, na hiyo ndiyo sehemu ya kuandika au kurekodi kwa simu baada ya kuwaomba ruhusa. Katika mtaa mmoja mama mmoja mtu mzima alifungua sanduku la bati akatoa kanga iliyopauka kwenye mikunjo, akaitandaza juu ya mkeka, na wenzake wakaanza kukumbushana ilivaliwa kwenye harusi ya nani. Kabla ya magharibi muundo wa ukuta ulikuwa umepatikana kwa mfano wa kanga: pindo kuzunguka pande zote, sura za mtaa katikati mahali pa mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, na chini jina, yaani msemo, walilolichagua akina mama wenyewe, “Wema hauozi”.

Akina mama hao hao ndio watakaokuwekea mipaka, nawe uikubali bila kujadiliana. Mambo ya unyago, mafunzo ya siri ya wasichana, yana wenyewe na hayachorwi barabarani, hata kama msanii anayaona ni mazuri kiasi gani. Tahadhari nyingine ni ndogo lakini inaua miradi: ukuta ukielemea sana nyekundu na nyeupe, au kijani na njano, nusu ya mtaa itasema ni wa Simba au wa Yanga, na mazungumzo yote yatahamia huko.

Ruhusa ni kazi ngumu kuliko kuchora. Nenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, halafu upate idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi na zina wenyewe wengi. Mmoja yupo barazani anakukaribisha kwa kahawa, mwingine yuko Tanga na hajaulizwa. Ukiona ukuta umeandikwa “Nyumba hii haiuzwi”, jua kuna mvutano wa kifamilia ambao brashi yako haitautuliza, kwa hiyo tafuta ukuta mwingine. Vivyo hivyo kwa nyumba za kando ya barabara zilizowekwa alama ya X, yaani za kubomolewa.

Kuhusu rangi nitasema machache. Panga kuchora kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza. Kuta za pwani hupanda unyevu na chumvi kutoka chini, na rangi iliyopakwa juu ya plasta inayomomonyoka hubanduka kama ganda. Kwangua, safisha, rekebisha plasta, acha ikauke vizuri, ndipo upake rangi ya msingi. Na sehemu ya chini kabisa, inayorukiwa na tope, ipake rangi ya giza isiyo na picha.

Mafundi wanaoandika mabango ya maduka na magari wapo katika kila kata, na mikono yao ni mizuri kuliko wanavyosifiwa. Waite wafanye kazi pamoja na wasanii waliosomea, na uwalipe wote, kwa sababu kumwambia fundi kwamba anajitolea kwa ajili ya mtaa wake huku mratibu ana posho ni dhuluma. Katika bajeti tenga pia fedha ya kurudia rangi mvua zikipita, na makopo yaliyobaki yakabidhi kwa mtu anayeishi hapo hapo, jina lake likiwa limeandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ili kila mwenye kuona pamebanduka ajue amfuate nani.