Madoa yamerudi meusi kuliko mwanzo

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 38, ngozi yangu ni ya maji ya kunde. Tangu mimba ya pili nina madoa ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, naambiwa ni melasma. Nimefanyiwa tiba ya mwanga, IPL, mara tatu. Baada ya mara ya kwanza nilitakata, nikafurahi. Baada ya ya tatu madoa yamerudi meusi zaidi, na shavu la kulia lina alama za mstatili kama nimepigwa muhuri. Sasa nashauriwa nihamie leza yenye nguvu zaidi. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali, walau si sasa. Hiyo mistatili ndiyo iliyofanya barua yako niitangulize. Ni umbo la kioo cha mashine kinachogusa ngozi, kimeacha joto jingi kuliko shavu lako lilivyoweza kuhimili.

IPL si leza. Ni taa kali inayotoa mawimbi mengi kwa mpigo, kuanzia kama nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi) 500 hadi 1,200, wakati leza hutoa wimbi moja. Zote mbili huitafuta melanini, rangi ya ngozi, na kuipasha moto. Kwa mtu mweupe mwenye doa moja jeusi, kazi ni rahisi. Wewe melanini unayo uso mzima, na mwanga haujui ipi ni ya doa na ipi ni yako ya kuzaliwa nayo. Ngozi yetu ikiungua hujibu kwa kumwaga rangi zaidi.

Halafu melasma yenyewe si wino uliomwagika. Seli zinazotengeneza rangi zimechokozwa na homoni na jua, na joto huzichokoza pia. Mwanga huvunja rangi iliyokwisha tengenezwa, kiwanda kinabaki kikifanya kazi. Ndiyo maana ulitakata kwanza. (Wanaosema leza haina maana nao wanakosea: lile doa la buluu-kijivu kuzunguka jicho, nevasi ya Ota, huitikia leza vizuri sana.)

Kwa sasa acha mwanga kabisa. Paka kinga ya jua kila asubuhi, SPF 30 au zaidi, na iwe ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu ina oksidi za chuma. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao huzidisha melasma, na kinga isiyo na rangi huuzuia kidogo mno. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari wako. Mwulize pia juu ya krimu ya mchanganyiko wa haidrokwinoni (dawa ya kupunguza rangi), tretinoini na steroidi. Hiyo hutumika kwa wiki chache ukiwa chini ya macho yake, na haipakwi ukiwa mjamzito. Mkorogo usiuguse: haidrokwinoni, ambayo mara nyingi imo humo, ikipakwa miaka na miaka huweza kuacha weusi wa kibuluu ambao hata leza huhangaika nao.

Ukifika wakati wa leza, ulizia Nd:YAG ya nanomita 1,064 kwa nguvu ndogo. Wimbi hilo melanini hulinyonya kidogo, hivyo ngozi ya juu husalimika zaidi. Lakini kwanza jaribio. Mimi hupiga vidoa vinne chini ya taya, karibu na sikio, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mgonjwa husikia kama kachapwa na mpira wa kufungia noti, kisha namrudisha nyumbani wiki sita. Wengi hununa. Zamani niliiruka hatua hiyo kwa bibi harusi aliyekuwa na haraka, akavaa shela na duara jeusi shavuni. Tangu siku hiyo simwonei haya anayenuna.

Mistatili yako itafifia polepole, pengine miezi kadhaa. Usiisugue.